Modeli ya matatu ikikataa: tafuta shida kwa dalili, na mifano ya Kisumu

Kuna mama nilimkuta Kondele jioni moja, beseni ya omena iko chini kando ya mguu wake, leso imefungwa juu yake, na kila gari ya Mamboleo ikitokea anainama anashika beseni, gari inapita bila kusimama juu imejaa, anaiachilia tena. Mimi nilikua pale na karatasi nahesabu watu walio ndani ya gari. Aliinama mara nne. Kwa karatasi yangu hizo gari zote nne ziliandikwa vizuri kabisa, na yeye hayuko mahali popote. Nikaenda nyumbani nikaingiza namba kwa modeli, yaani programu ya kompyuta inayokadiria watu watapanda gari gani na watangoja muda gani, modeli ikakubaliana nazo karibu kabisa, na ikaniambia mtu wa Kondele anangoja dakika tatu.

Hizo dakika tatu zilinisumbua kuliko kosa lolote ambalo kompyuta imewahi kunionyesha, manake hapa kompyuta haikuona kosa. Nimeijenga upya hiyo modeli mara kadhaa tangu siku hiyo na karibu kila shida niliyopata ilinirudisha kwa yule mama: modeli inajua waliopanda, haijui walioachwa. Haya nimeyaandika kwa mtu ambaye tayari amejenga kitu, iwe ameandika mwenyewe kwa Python ama anatumia programu ya kununua, na sasa majibu hayafanani na kile anaona barabarani. Tafuta dalili yako, anza hapo.

Laini moja imebeba watu wote, jirani yake iko tupu

Hii huwa ya kwanza karibu kwa kila mtu. Unaangalia matokeo, laini moja ina mamia ya abiria kwa saa, na ingine inayopita barabara ile ile ina sufuri. Sababu ni kwamba umetumia njia fupi peke yake. Programu imechukua mtu, imempimia njia yenye dakika kidogo zaidi, imempeleka huko, halafu ikafanya hivyo kwa kila mtu, kama vile abiria ameamua akiwa bado kitandani ni gari gani ataingia.

Sasa simama Mamboleo asubuhi uangalie mtu anayeenda tao. Hajaamua gari. Ameamua kitu kingine: ile inatoka Kakamega ikija naingia, hizi za hapa karibu pia naingia, ile inayozunguka kwanza ndani ya mtaa siingii. Anakubali gari kadhaa, halafu inayokuja ya kwanza kati ya hizo ndio yake. Watafiti Spiess na Florian waliandika hesabu ya huo mkakati 1989 na mpaka leo programu nyingi za usafiri wa umma zimesimama juu yake, na kabla yao Chriqui na Robillard walikua wamelishika swali la laini zinazoshiriki barabara moja, hiyo ni 1975.

Tuseme za Kakamega zinapita kila dakika 10 na zinakufikisha kwa dakika 20 juu hazisimami sana. Za hapa karibu zinapita kila dakika 5 lakini zinaokota watu njiani, kwa hivyo dakika 26. Chukulia gari zinakuja bila mpango wowote, hapo wastani wa kungoja ni sawa na pengo lote, sio nusu (tutairudia hii). Ukishikilia za Kakamega tu ni 10 na 20, jumla 30. Za karibu tu ni 5 na 26, jumla 31. Njia fupi itasema Kakamega, wote waende huko. Lakini ukikubali zote mbili unaona gari 18 kwa saa, unangoja dakika 3.3, theluthi moja ya siku zako unaingia ya Kakamega na theluthi mbili ya karibu, wastani wa ndani ya gari ni 24, na jumla inakua 27.3. Mtu wa Mamboleo anajua hiyo hesabu bila kalamu.

Kanuni ya kuongeza laini ni fupi: zipange kuanzia yenye safari fupi, halafu ongeza inayofuata tu kama muda wake wa ndani ya gari ni chini ya jumla uliyonayo sasa. 26 ni chini ya 30, ingiza. Ile ya kuzunguka ikiwa ni dakika 40, 40 imepita 27.3, iache ipite hata kama imesimama mbele yako mlango wazi na makanga anakuita.

Gari ya watu 14 imebebeshwa 40

Ukisharekebisha ya kwanza hii inakuja yenyewe, manake mkakati wa msingi haujui kuwa gari hujaa. Hapa ndio watu wengi hupotea, na mimi nilipotea, juu tunakimbilia fomula ya barabara, ile ya Marekani ya 1964: muda wa kawaida unazidishwa na 1 ongeza 0.15 mara uwiano wa magari kwa uwezo wa barabara, huo uwiano ukiwa na kipeo cha 4. Ukipakia mara mbili ya uwezo, muda unakua mara 3.4. Unaiweka kwa matatu, namba zinashuka, unafurahi.

Lakini angalia ni nani umemuumiza. Ile fomula inamchelewesha yule ameketi dirishani tangu steji kubwa. Yeye hana shida yoyote, amelipa, amelala, atashuka Mamboleo. Anayeumia ni yule yuko chini Kondele, na hachelewi ndani ya gari, anachelewa kwa sababu hajaingia. Aliye ndani ana haki ya kiti kabla ya aliye nje, na usipoandika hiyo haki kwa modeli hakuna kitu kingine kitakaa sawa.

Namna ya kuiandika ni kutenganisha gari zinazopita na gari ambazo unaweza kuingia. Tuseme inapita moja kila dakika 6, inafika Kondele na watu 12, wawili wanashuka, nafasi ni 4. Steji ina watu 8 wanaoitaka. Kila mmoja ana nusu ya bahati, kwa hivyo kwake yeye gari inakuja kila dakika 12, haijalishi macho yake yameona ngapi. Watafiti De Cea na Fernández walifanya hivyo 1993, frikwensi (gari ngapi kwa saa) inakua ile inayomfaa abiria na sio ile ya ratiba, na baadaye Cominetti na Correa 2001, halafu Cepeda, Cominetti na Florian 2006, wakaikaza zaidi: kadiri nafasi zinakaribia kuisha muda wa kungoja unapanda bila mwisho, na gari haiwezi kupita uwezo wake hata kidogo.

Na usiruke hii: kama watu 8 wanaendelea kufika kila dakika 6 na nafasi ni 4, hakuna muda wa kungoja utakaosawazisha, foleni itakua mpaka usiku. Nusu yao lazima watafute kitu kingine, boda, tuktuk, miguu, ama warudi nyuma. Kwa hivyo kila nodi (steji ama makutano) kwa mtandao wako iwe na linki, yaani njia ya kutoka hapo, ya kutembea ama ya boda ambayo haijai. Bila hiyo programu itakwama ama itakupea gharama ya ajabu isiyo na maana.

Jaribio la haraka. Ongeza abiria wa kutoka steji kubwa mara mbili, wa Kondele waache vile walikua, endesha upya. Kungoja kwa Kondele lazima kupande sana, na muda wa ndani ya gari kwa mtu wa steji kubwa usibadilike sana. Kama vyote viwili vimepanda pamoja, bado uko kwa fomula ya barabara.

Uwezo wenyewe uandike vile uko, sio vile sheria inasema. Tangu sheria za Michuki, aliyekua waziri wa uchukuzi, zianze kutumika 2004 gari ndogo ni abiria 14, kila mtu na kiti na mkanda, hakuna kusimama. Saa moja jioni ukiona wanaketi wanne pahali pa watatu, modeli yako ijue hivyo, lakini tenganisha hiyo namba, usiifiche ndani ya parameta ingine (namba nyingine unayoipa modeli), juu siku polisi wakiwa barabarani inarudi 14 na kila hesabu inayofuata inabadilika.

Umeongeza abiria na kungoja kumepungua

Mtu mmoja aliniletea hii akidhani ni hitilafu akataka tuitoe. Hapana, kama ni kwa steji ya kuanzia iache, iko sawa.

Matatu nyingi hapa haziondoki kwa saa, zinaondoka zikijaa. Steji kubwa ya tao dere hawashi gari mpaka kiti cha mwisho kiwe na mtu. Tuseme anakuja abiria mmoja kila nusu dakika. Gari ya 14 inajaa kwa dakika 7, wa kwanza kuingia anakaa dakika 6 na nusu, wa mwisho hakai, wastani ni 3.25. Sasa weka saa nne asubuhi, mmoja kila dakika mbili. Wa kwanza anakaa dakika 26, wastani 13. Gari ni ile ile, barabara ile ile. Watu wakiwa wengi kila mtu anangoja kidogo, na mwanauchumi Mohring alikua ameonyesha kitu cha aina hiyo kwa mabasi ya ratiba 1972, kwamba abiria wakiongezeka gari zinaongezwa na kungoja kunapungua kwa wote, isipokua kwetu haihitaji kampuni iamue, kujaa kwenyewe ndio kunaamua.

Kwa hivyo mtandao mmoja una sheria mbili zinazopingana. Steji ya kuanzia, watu zaidi, kungoja kidogo. Steji za njiani, watu zaidi, kungoja zaidi. Ukitumia fomula moja kwa zote mbili utakosea moja, na mara nyingi utakosea kubwa juu kosa linatoka pande zote.

Hii ina gharama yake kwa hesabu. Gharama inayoshuka na wingi wa watu inaweza kukupea majibu mawili tofauti na yote ni sahihi: laini mbili zinaenda mahali pamoja, wote wakienda ya kwanza inajaa haraka kwa hivyo inafaa wote waende hiyo, na wote wakienda ya pili ni vile vile. Kama ukianzisha programu na namba tofauti unapata jibu tofauti, na ni laini za kujaza ndio zinabadilika, usikimbie kusema algorithimu imeharibika. Endesha mara kadhaa ukianzia pahali tofauti, halafu chagua ile inafanana na mazoea ya watu, manake watu wenyewe walishachagua zamani, wanajua ni foleni gani hujaa haraka.

Kuna kitu kidogo cha kuangalia hapa. Usihesabu gari imejaa kwa macho ukiwa nje. Kuna watu hulipwa kukalia viti ili gari ionekane iko karibu kuondoka, wewe unaingia unadhani umebakisha mmoja, halafu wanashuka mmoja mmoja wakipishana na abiria wa kweli. Anza kuhesabu muda kutoka pale abiria amelipa mpaka magurudumu yanazunguka.

Modeli inasema watu wa Kibuye wanapanda Kibuye, na hawapandi

Ni jioni, mtu anatoka sokoni Kibuye, anaenda Mamboleo. Kwa ramani ni wazi, anasimama tu hapo Jomo Kenyatta Highway angoje gari inayoelekea Kondele. Modeli inamweka hapo. Ukienda kuangalia unamkuta anatembea kinyume, anarudi tao, ama amepanda boda ya kumrudisha steji kubwa na amelipia hiyo safari ya nyuma, ili aketi kwa gari ikiwa bado tupu halafu apite hapo hapo Kibuye alipotoka akiwa kwa dirisha.

Kwa njia fupi huyo mtu hana akili. Kwa modeli yenye nafasi za kweli ndio mwenye akili kuliko wote. Kama hayuko kwa matokeo yako kuna sababu mbili za kuangalia. Ya kwanza, umeondoa linki za kurudi nyuma. Watu wengi hufanya hivyo kupunguza hesabu, wanakataza njia yoyote inayomweka mtu mbali zaidi na anakoenda, na hiyo kanuni ndio inamfuta. Rudisha, hata kama ni kwa umbali wa kutembea dakika 15 tu. Ya pili, kungoja kwako kwa njiani bado ni kidogo sana, rudi kwa sehemu ya gari ya 14.

Mimi natumia hawa watu kama kipimo. Simama kati ya Kibuye na tao jioni, hesabu wanaotembea kurudi na uwaulize wanaenda wapi. Modeli ikikupea karibu hiyo idadi bila wewe kuilazimisha, nafasi zako ziko karibu na ukweli kuliko hesabu yoyote ya ndani ya gari itakavyokuonyesha.

Kungoja ni nusu ya pengo kila mahali

Nusu ya pengo ni kweli kama gari zinakuja kwa mapengo sawa na watu wanafika bila kuangalia saa. Yetu hayako sawa. Gari mbili zinatoka pamoja, zinakimbizana mpaka Kondele, halafu hakuna kitu. Chukua mapengo ya dakika 2 na 18, 2 na 18. Wastani ni 10, nusu yake 5, lakini mtu wa kawaida hangoji 5, anangoja 8.2, manake watu wengi zaidi wanafika ndani ya lile pengo refu. Fomula: nusu ya wastani wa pengo, zidisha na 1 ongeza mraba wa utofauti, huo utofauti ukiwa ni standard deviation ya mapengo gawanya kwa wastani wenyewe. Hapa ni 5 mara 1.64.

Kama data yako iko kwa muundo wa GTFS (faili za kuandika steji, laini na ratiba za usafiri wa umma), kama ule uliotumiwa na kazi ya Digital Matatus kule Nairobi iliyotoa ramani 2014, kuna faili ya frequencies.txt inayosema gari moja kila dakika kadhaa. Hiyo ni wastani. Haina hizo 2 na 18. Utofauti lazima uukusanye mwenyewe ukiwa na saa mkononi, na uko tofauti kwa kila steji, unakua mkubwa kadiri unaenda mbali na tao.

Namba hazitulii, zinaruka huku na huku

Modeli hurudia hesabu duru kwa duru. Duru ya 6 wote wako laini A, ya 7 wote wako B, ya 8 wote wamerudi A. Kila duru unahamisha watu wote kwa pamoja kwenda ile ilikua nafuu duru iliyopita, wanaijaza, wanaikimbia. Hamisha sehemu tu: duru ya n, chukua moja kwa n ya mgao mpya na baki na uliobaki wa zamani. Inaenda polepole lakini inatulia kwa kesi nyingi.

Usiangalie kama namba zimeacha kusonga, juu kwa hiyo njia hatua zinakua ndogo zenyewe na namba zitaonekana zimetulia hata kama bado ziko mbali. Angalia pengo: gharama ya watu wote sasa, toa gharama kama kila mtu angepewa mkakati wake bora kwa hali ya sasa, gawanya kwa ya kwanza. Hilo likikaribia sufuri ndio umefika pale mtafiti Wardrop alipotaka 1952, hakuna mtu anaweza kujisaidia kwa kubadilisha peke yake. Likikwama juu na halishuki, karibu kila mara kuna nodi haina linki ya kutembea.

Sako mbili, rangi mbili, abiria mara mbili

Hii ni ya wenye wanatumia lojiti, fomula inayogawa watu kwa asilimia kulingana na gharama ya kila chaguo. Una gari za Ahero na una tuktuk, zinagawana nusu kwa nusu. Unagundua gari za Ahero ni za sako mbili (vyama vya wenye matatu), unaziandika kama laini mbili, na ghafla matatu zina theluthi mbili na tuktuk imebaki na theluthi moja. Barabarani hakuna kitu kimebadilika isipokua rangi. Lojiti inachukulia kila chaguo ni la peke yake, haioni kuwa mbili kati ya hizo ni kitu kimoja.

Dawa ya haraka, ziunganishe kuwa laini moja yenye frikwensi ya jumla. Kama njia zinashiriki kipande tu, mfano zote zinapita Nyamasaria halafu zinaachana, tumia C-lojiti ya Cascetta na wenzake ya 1996 ama ile ya Ben-Akiva na Bierlaire ya 1999 ambayo inapunguzia njia uzito kadiri inavyoshirikiana na zingine. Na angalia kipimo: lojiti inaona tofauti tu, kwa hivyo dakika 5 kati ya safari ya 10 na ya 15 ni sawa kwake na dakika 5 kati ya 120 na 125. Usitumie parameta ya safari za ndani ya Kisumu kwa mtu anayeenda Busia.

Boda zimebeba kila mtu, ama hakuna mtu

Umetumia thamani moja ya muda, yaani dakika moja ni shilingi ngapi kwa mtu, kwa watu wote. Tuseme boda ni shilingi 100 dakika 12, matatu ni 50 dakika 27 pamoja na kungoja. Mtu ambaye dakika yake ni shilingi 2, boda kwake ni kama dakika 62 na matatu ni 52, atapanda matatu. Ambaye dakika yake ni shilingi 4, boda 37 na matatu 39.5, atapanda boda. Weka makundi angalau matatu, na yule mwenye pesa ya nauli moja tu mfukoni usimpe hesabu ya thamani ya muda, mpe kikomo, zaidi ya hapo anatembea. Mvua ya jioni pia ihesabie kivyake, juu nauli inapanda na watu wa boda wanahamia matatu kwa saa ile ile moja. Kama umechanganya siku za mvua na za jua utapata mtu wa katikati ambaye hayuko siku yoyote.

Kila kitu kinalingana

Hii ndio iliniumiza mimi. Abiria wa ndani ya gari kwa modeli ni sawa na waliohesabiwa, mstari umepita katikati ya vidoti, na hakuna dalili nyingine.

Gari iliyojaa ina watu 14. Kama waliotaka ni 14, ina 14. Kama waliotaka ni 50, ina 14. Kwa barabara iliyojaa, hesabu ya ndani ya gari haiwezi kukuambia mahitaji ni ngapi, inaweza tu kukuambia gari ilikua na viti vingapi. Modeli yoyote, hata mbaya, italingana na hiyo mradi umeweka kikomo cha 14, na kipimo chochote ambacho modeli mbaya inaweza kupita hakipimi kitu.

Kwa hivyo karatasi yangu ya siku hizi ina safu tano badala ya moja. Gari imefika na wangapi. Wameshuka wangapi. Wamepanda wangapi. Wamebaki chini wangapi mlango ukifungwa. Na ya tano, kati ya waliobaki ni wangapi walikua hapo gari iliyopita pia, ambayo unaijua kwa kukumbuka kitu, koti jekundu, mtoto mgongoni, begi ya shule. Gari iliyopita bila kusimama inaandikwa pia, na sufuri kwa kushuka na kupanda, manake hiyo ndio gari ya maana kuliko zote kwa mtu wa Kondele. Unahitaji watu wawili, mmoja wa mlango na mmoja wa steji, mmoja peke yake hataweza. Halafu linganisha modeli na safu ya nne na ya tano, hizo zingine ziache kwa ukaguzi tu.

Na usihesabu Jumapili kama siku ingine. Soko la Kibuye likijaa, abiria si mtu mmoja kiti kimoja, ni mtu na gunia la viazi, mtu na kuku wawili, mtu na beseni. Makanga anaangalia beseni kwanza halafu mtu, anapiga hesabu atalipisha ngapi na itakaa wapi, na kuna gari zenye nafasi tatu ambazo zitapita mtu mwenye beseni na kusimama mita kumi mbele kwa mtu wa mikono mitupu. Nimeongeza kundi la abiria wenye mizigo, kila mmoja anachukua nafasi moja na nusu na ana bahati ndogo ya kuchukuliwa, na hizo namba mbili nimezitafuta kwa safu ya nne. Modeli sasa inasema mtu wa Kondele mwenye mzigo saa kumi na mbili jioni haingii gari ya kwanza, wala ya pili, wala ya tatu.